Vidole Vinne vya Mpimaji

Mtu yeyote aliyewahi kupanda milima nasi siku za Jumamosi, ukimuuliza kisu cha kubeba kiwe na urefu gani, hatakujibu kwa mdomo. Atakunja dole gumba, atakulalishia vidole vinne mbele ya macho yako, basi. Hayo ni mafundisho ya Mpimaji. Wote tulitoka mikononi mwake, na mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wote. Leo nikilikumbuka hilo natamani nijizabe kofi.

Jina lake nalijua, ila silitaji. Tulimwita Mpimaji kwa sababu kazi aliyostaafu nayo ni kupima ardhi, na kwa sababu hata baada ya kustaafu hakuacha kupima. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka na miguu ya mtu aliyeishi juani. Ukitembea nyuma yake ulisikia anahesabu hatua kwa pumzi. Kutoka getini kwake Nzuguni hadi mti wa kwanza wa mlimani alijua ni hatua ngapi, na siku hatua zikizidi tatu alijilaumu yeye, si njia. Alikotoka sijui, wala sikuwahi kuuliza. Dodoma siku hizi kila mtu ametoka mahali, ukianza kuulizana hamtafika kileleni.

Mimi kazi yangu ni masijala, ofisi moja ya serikali, na naishi Ipagala. Maisha yangu ni mafaili. Faili halitoki mlangoni kwangu bila saini, hata akija mkubwa wa namna gani. Daktari ndiye aliyeniambia nitembee, maana kiti kilikuwa kinaniua polepole, na Hawa, katibu muhtasi wa ofisini kwetu, akanipeleka kwa Mpimaji. Tulikuwa watu kama kumi na wawili, wa ofisi mbalimbali, tunakutana kwake alfajiri ya Jumamosi, tunapanda mlima, tunarudi kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyelipa kitu. Yeye alisema akikaa nyumbani Jumamosi anaumwa magoti.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: kipimo hakina mjomba. Alilisema kwa mambo yote. Ukichelewa dakika tano ukasema foleni, kipimo hakina mjomba. Ukisema maji ya chupa moja yatakutosha, atakutazama mwili mzima kuanzia juu hadi chini, kisha atasema hivyo hivyo. Mwanzoni nilimwona mzee wa kero. Baadaye nikaanza kulisema na mimi masijala, na vijana wa ofisini wakanibandika jina la Bi Kipimo.

Katika vipimo vyake vyote hakuna alichokipigania kama kisu. Kabla ya safari alipita akikagua mifuko, taratibu, kama bibi anayekagua masikio ya wajukuu. Maji, karanga, kofia, kisu. Akikuta kisu kirefu alikitoa mbele za watu.

"Mlimani unakata nini?" aliuliza. "Unakata chungwa. Unakata kamba. Unakata plasta ya kidonda. Unachonga kijiti cha kutolea mwiba. Nitajie kimoja kati ya hivyo kinachotaka makali yanayozidi vidole vinne."

"Na nyoka je, mzee?" Kila msimu lazima atokee mmoja wa kuuliza hivyo.

"Nyoka unampisha."

Alikuwa na sababu zake, na hata leo nikiwa na hasira naye siwezi kuzikanusha. Kisu kirefu ni kizito, na uzito unaouona mdogo getini unakuwa mtoto mgongoni ukifika kwenye mawe. Kisu kirefu ukiteleza nacho kinakufikia kabla hujafika chini. Kisu kirefu kinawatisha watu unaokutana nao njiani, na mtu akishatishika hasikii tena shikamoo yako. Halafu alikunjua mkono wake. Kipimo ni vidole vya mwenye kisu mwenyewe, alisema, vinne vilivyolala, kuanzia makali yanapotoka kwenye mpini hadi nchani. Vidole vyako, si vya jirani. Kisu ni kama kiatu, kikikuzidi hukiongozi, kinakuongoza.

Hilo la kulala aliliongeza baadaye, kwa sababu ya dereva mmoja wa ofisini kwetu. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba sharti ni vidole vinne, naye akavipanga kimoja mbele ya kingine, kama fundi anayepima ubao kwa kidole. Akaja na kitu cha kutisha. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mpimaji hakucheka. Alikipokea, akakigeuza, akauliza kwa upole, "Hiki ni cha kuchunia ng'ombe. Tunaye?" Tangu siku hiyo akawa anasema nyanda nne, neno la wazee la upana wa kidole, halafu anakuonyesha kwa mkono ili asije mwingine akamletea panga.

Ninyi mnaosoma hapa msidhani alikuwa mtu wa maneno matupu. Kuna siku tulikwenda upande wa Zuzu, ng'ambo ya reli, kupanda kilima kimoja cha mawe. Tulipokuwa tumesimama juu, Mpimaji akituonyesha kwa kidole mji ulivyotanuka, wakaja wanaume sita wa kijiji, mmoja ana filimbi shingoni, nyuso zimekunjwa.

"Mmekuja kupima?" akauliza mkubwa wao.

Mtu asiye wa Dodoma hawezi kujua uzito wa swali hilo. Siku hizi ukisimama juu ya kilima ukanyoosha kidole, mwenye shamba la uwele chini yako anaona viwanja. Na sisi kiongozi wetu ni nani? Mpimaji. Hawa akaninong'oneza kwamba leo tumekwisha.

"Tumekuja kutembea," akasema Mpimaji.

"Watu wazima mnapanda mlima na hamjapotelewa na mbuzi?"

Mpimaji akafungua mfuko wake, akavitandaza vitu juu ya jiwe. Chupa ya maji. Karanga. Kitambaa. Kisu kidogo cha mpini mweusi. "Anayekuja kunyang'anya shamba la mtu anabeba hiki?" Yule mkubwa akakichukua kisu, akakijaribu kwenye ukucha, akacheka. Akasema hiki hata kuku atakicheka. Basi kikao kikageuka mazungumzo, tukapewa njia nzuri ya kushukia, tukaagana kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, na vicheko. Nilijivunia kuwa mfuasi wake. Hicho kisu cha mpini mweusi kikumbukeni, nitakirudia.

Alikuwa na wema, nisije nikaonekana namsingizia. Miezi ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, nahema kama mvukuto, na yeye badala ya kutangulia na wenye nguvu alibaki nyuma nami. Hakunihimiza. Alisema mlima upo tangu zamani na wala hauna miadi na mtu. Siku nilipofika kileleni kwa mara ya kwanza bila kupumzika, alinipa nusu ya chungwa lake, akasema, "Baba yako angekuona leo." Nililia pale pale, mbele ya watu. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla. Chungwa lenyewe lilikatwa kwa kile kisu cha mpini mweusi.

Sasa upande wa pili. Mpimaji hakuwa mwizi, hakuna atakayekuambia hivyo, lakini kitu chako kikiingia kwake kilikuwa na safari ndefu ya kurudi. Hawa alimwazima chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Ilirudi milimani wiki nyingi baadaye mikononi mwa Mpimaji, ina kifuniko kipya, imefungwa kamba ya kuning'inizia begani. Hawa alipoishangaa akaambiwa, "Ilikuwa inavuja. Nimeirekebisha." Akairudisha kwenye mfuko wake, wake yeye Mpimaji. Kurekebisha, kwa lugha yake, ndiko kulikuwa kumiliki. Tulimcheka tu. Hawa alinunua chupa nyingine.

Kulikuwa pia na maneno ya ukuta. Majirani zake pale Nzuguni walisema ukuta wa Mpimaji umemeza njia hatua mbili nzima, kwamba mtu aliyepima mpaka wa kila mtu alijisahaulia wa kwake. Nilimsikia mama mmoja muuza mboga akisema hivyo, nikamkatalia kwa ukali, mama wa watu ambaye hakunikosea. Nilimwambia kama kuna mtu Dodoma hii anayejua mpaka uko wapi, ni yule mzee. Alinitazama, akaendelea kufunga mafungu yake ya mlenda. Nikamwona ni mbea. Siku hizi nikipita pale nanunua mlenda wake hata kama nyumbani upo.

Nieleze sasa habari ya kisu cha baba, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Baba alikuwa mfugaji, upande wa Bahi. Alikuwa na kisu kimoja maisha yake yote. Urefu wake ulitoka kwenye kiwiko changu hadi kifundo cha mkono, mpini wa mti laini uliokuwa umelika kwa jasho lake. Kwa kisu hicho alikata matawi ya miiba ya kuzungushia zizi, alichinja, alichuna, alikata kamba za ngozi, na jioni alijichongea kijiti cha meno. Kwenye bapa la chuma, karibu na mpini, alikipiga alama ya ng'ombe wetu, mkato mmoja na nukta mbili, ili kikiangukia machungani atakayekiokota ajue kirudi kwa nani. Alipokufa kaka zangu waligawana ng'ombe, kama desturi ilivyo. Mimi nikaomba kisu. Walicheka, wakanipa. Hicho ndicho kitu pekee nilichorithi kutoka kwa baba yangu.

Nilipoambiwa tunakwenda mlimani na tubebe kisu, nilibeba hicho. Ningebeba kipi kingine?

"Shikamoo, mzee," nilimwambia asubuhi hiyo ya kwanza, uani kwake.

"Marahaba, mwanangu. Huo upanga unampelekea nani?"

"Si upanga. Ni kisu cha baba."

"Baba alikuwa na ng'ombe," akasema. "Wewe una chungwa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli. Akanishika mkono, akaulaza juu ya chuma kuanzia kwenye mpini, vidole vinne, na pale kidole changu cha mwisho kilipoishia akapitisha ukucha wake. Akasema kisu changu kinaishia hapo, kilichobaki ni mzigo. Halafu akakiingiza kabatini sebuleni, nikimwona kwa macho yangu. "Kipo. Tukirudi unakichukua."

Tuliporudi miguu yangu ilikuwa imevimba, nikapanda bodaboda na kwenda nyumbani kulala. Jumamosi iliyofuata nikauliza. Akasema kipo, kikae, kikiwa kwangu nitashawishika kukileta tena. Nikaona huu ni upendo wa mzazi. Nikanunua kisu kidogo cha kukunja sokoni Majengo, nikakipima kwa vidole vyangu, kikalingana. Hapo ndipo mimi, mtu wa masijala, nisiyetoa faili bila saini, nilipomwachia mtu kitu cha baba yangu kwa neno moja tu. Kipo.

Muda si mrefu Mpimaji akaja na kisu kipya. Mpini wa mpingo, mweusi unang'aa, ala ya ngozi, na pale makali yanapokutana na mpini amezungushia utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa ajili, alisema, ya kuzuia mkono usiteleze. Alitupitishia tukishike mmoja mmoja. Kisu cha mfano. Tangu hapo kila mgeni aliyekuja alipewa kisu kile akilaze mkononi aone namna kisu cha mtu mwenye akili kinavyokuwa. Na ni nani aliyekuwa akiwaonyesha wageni? Mimi. Miaka mitatu. Nilisema, tazameni uzito wake, tazameni kilivyotulia kiganjani, chuma cha zamani hiki, siku hizi hakitengenezwi.

Siku ya siku tulikuwa mlimani, nyuma ya Nzuguni. Hawa akakanyaga mwiba wa mgunga, ukapenya soli ukaingia unyayoni. Tukamkalisha kwenye jiwe. Mpimaji akanipa kisu chake, akaniambia nichonge kijiti cha kuuchokonolea huku yeye akimshika mguu. Jua lilikuwa limeanza kuuma na ule utepe wa mpira ulikuwa umelegea kwa joto na uzee. Niliusukuma kwa dole gumba ili niukaze. Ukateleza upande wa pili. Chini yake kulikuwa na mkato mmoja na nukta mbili.

Mikono yangu ilitangulia kuelewa, ikasimama. Nilikitazama kile chuma. Nilikitazama kama mtu anavyomtazama maiti usoni kuhakikisha. Kilikuwa ni kisu cha baba, kimekatwa, kimenolewa ncha mpya, kimevikwa mpini wa kigeni, na alama ya ng'ombe wetu imefungwa tambara la mpira ili nisiione.

Bado nilitaka niwe nimekosea. Hiyo ndiyo aibu yangu. Nikarudisha utepe mahali pake, nikachonga kijiti, mwiba ukatoka. Kisha nikasema, sauti yangu nikiisikia inatoka mbali, "Mzee, kile kisu cha baba yangu kipo?"

Hakugeuka hata. Alikuwa anamfunga Hawa kitambaa. "Kipo," akasema. "Kipo kabatini, nimekizungushia gazeti kisipate kutu."

Na mimi nimekishika.

Kuna watu watasema mbona sikumkabili pale pale. Hao hawakulelewa Ugogo, au hawakulelewa kabisa. Mzee haulizwi uongo wake mbele ya watoto, na katika kikundi kile sote tulikuwa watoto wake. Nilimpa nafasi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema, kabla ya wengine, nikamkuta peke yake uani, nikamuuliza tena. Kipo. Nikamwomba nikione tu. Akasema ufunguo wa kabati umepotea. Wiki ya tatu nikamwambia ni ukumbusho wa marehemu, moyo wangu hautulii. Akacheka, akasema, "Mwanangu, sasa unaniuliza kila wiki kama polisi." Kisu kilikuwa kiunoni mwake wakati anasema.

Sikwenda tena.

Niliumia. Mtu akikuibia pochi stendi unamlaani, unalala. Lakini huyu alinibakia nyuma nikihema. Huyu alinitajia baba yangu kileleni, nikalia, na wakati huo huo alikuwa ananikatia chungwa kwa kisu cha baba yangu alichokikata. Kila kumbukumbu njema niliyokuwa nayo ya Jumamosi zile ilibidi niirudie upya na kuuliza, na hapa je, kilikuwa kiunoni? Kilikuwa. Hata siku ya Zuzu, yule mwenyeji alipokicheka kisu, alikuwa anakicheka kisu cha baba.

Nilimweleza Hawa. Nilidhani mwenzangu atapandwa na hasira. Akanisikiliza hadi mwisho huku akichezea pete yake, akasema, "Lakini shoga, si ni kisu tu? Tena hukuwa ukikitumia. Na mzee wa watu anatutembeza bure." Wengine walisema nimejitenga kwa maringo, nimepandishwa cheo. Hakuna aliyemuuliza Mpimaji chochote. Kipimo hakina mjomba, kumbe mpimaji anao, tena kumi na mmoja.

Ikapita kama miaka miwili. Mwezi uliopita Hawa alikuja dirishani kwangu masijala, akasema Mpimaji kapigwa na kiharusi, upande wa kushoto umekufa, hapandi tena hata ngazi ya barazani. Na kwamba ananiulizia.

Nilikwenda, maana mgonjwa akikuulizia unakwenda. Nilinunua sukari na machungwa. Nilivaa raba zangu zile zile za mlimani, sijui kwa nini. Geti lilikuwa wazi. Ukuta ulikuwa pale pale ulipokuwa, na nilipopita kando yake nilijikuta nahesabu hatua.

Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, shuka miguuni, amekwisha kweli. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, maneno yakitoka mazito lakini yanasikika. Tuliongea habari za kawaida, mvua, zabibu zilivyonyauka, nani kahamishwa. Kisha akatazama mfuko wa machungwa. "Nimenyee moja," akasema, na mkono wake wa kulia ukaingia chini ya shuka ukatoka na kisu.

Utepe wa mpira haukuwepo. Alama ilikuwa wazi.

Nikamenya chungwa. Nilikata vipande vidogo, nikamwekea mkononi kimoja kimoja, akala hadi akamaliza. Nikafuta kisu kwa khanga yangu.

"Nilijua umeiona siku ile," akasema. "Utepe uliurudisha kinyume."

"Nilikuuliza mara tatu, mzee."

"Uliniuliza kama kipo. Nikasema kipo. Si kilikuwepo?"

"Ulisema kabatini."

"La kabati nilikosea," akasema. "Lakini nilikukatia wewe, mwanangu. Kile kirefu usingekibeba maisha yako yote, kingekaa uvunguni kikaliwa na kutu. Nilikikata pale pale nilipopitisha ukucha, kwenye vidole vyako. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kukupa. Chukua, ni chako."

Nitasema kweli, moyo wangu ulitaka kulainika. Yale macho yalikuwa ya mtu anayeaga, na maneno yalikuwa yale yale niliyotamani kuyasikia tangu mlimani. Kidogo niseme asante. Ila alinifundisha mwenyewe. Nikakilaza kisu kwenye paja langu, nikalaza vidole vyangu vinne kuanzia kwenye mpini. Vilipoishia, chuma kilikuwa bado kinaendelea, karibu upana wa kidole kingine.

Nilimwona anatazama. Nikanyanyua mkono wake wa kushoto, ule uliokufa, ulikuwa mzito na baridi, nikavilaza vidole vyake vinne mahali pale pale. Vikafika nchani, havikuzidi wala havikupungua.

Tukakaa hivyo, mkono wake juu ya kisu cha baba.

"Uzeeni vidole vinavimba," akasema.

Niliurudisha mkono wake chini ya shuka, nikamfunika vizuri. Nikamuuliza kipande kilichobaki kiko wapi. Akaelekeza kwa kidevu, uani, kwenye banda la kuku. Nikashuka kwenda kutazama. Mlangoni mwa banda palikuwa na komeo la chuma, refu, limetobolewa tundu upande mmoja kwa msumari, na upande mwingine linachongoka hadi kwenye ncha niliyoijua tangu utotoni.

Nikalichomoa. Mlango ukaanza kufunguka na kuku wakasogea kuchungulia. Nikaketi chini, nikavua kamba ya raba yangu moja, nikaufunga mlango vizuri kwa mafundo mawili, maana kuku hawakunikosea kitu. Mpimaji alikuwa akinitazama kutoka barazani. Nilivitia vipande vyote viwili kwenye mfuko uliokuwa na machungwa, nikamwaga machungwa yaliyobaki kwenye sinia lake, nikamwambia ugua pole, mzee. Kutoka getini kwake hadi barabarani nilitembea polepole, kiatu kimoja kikinipwaya.